Ukuta wa Lugha: shajara ya ramani ya lugha za Afrika katika darasa la kidato cha tatu, Mbeya

Walimu wawili wa Mbozi na mmoja wa Njombe wameniomba vipimo na bei za ule ukuta. Badala ya kumjibu kila mmoja kwa simu, naweka hapa kila kitu kwa tarehe zake, pamoja na aibu zake. Hatua ambazo fundi yeyote anazijua nimezipita haraka. Palipoharibika ndipo nimekaa.

1 Februari 2025: Kwa nini ukuta

Mada ni ile ile ya kila mwaka: chimbuko la Kiswahili. Ubaoni zimepangwa nadharia: Kiswahili ni Kiarabu, Kiswahili ni pijini (lugha ya mchanganyiko ya wafanyabiashara), Kiswahili ni Kibantu. Wanafunzi wanazikariri kama nyimbo za mchakamchaka. Kwenye mtihani wataandika Kibantu kwa kuwa ndiko alama ziliko, lakini moyoni wanaamini ni Kiarabu. Mwaka huu mmoja akaamua kusema kwa sauti: "Madam, hesabu mwenyewe. Sita, saba, tisa. Kitabu, saa, samaki. Huo Ubantu uko wapi?" Darasa likacheka. Majibu ya kwenye daftari ninayo, ila sikuwa na kitu cha kuwaonyesha kwa macho.

Nikawauliza nyumbani kwao wanaongea nini. Kati ya wanafunzi 54 zilipatikana lugha 14: Kinyakyusa, Kisafwa, Kinyiha, Kimalila, Kindali, Kinyamwanga, Kisangu, Kibena, Kihehe, Kikinga, Kivwanji, Kibungu, Kisukuma, na kijana mmoja wa Mbarali ambaye kwao ni Kidatooga. Huyo wa mwisho alitaja lugha yake kwa kunong'ona, kama anayekiri kosa. Wenzake hawakujua kwamba katika zile 14, yake peke yake si ya Kibantu.

Nikaamua tuchore Afrika nzima ukutani, tuipake rangi kwa familia za lugha, yaani koo za lugha zenye asili moja, na lugha za darasa hili ziwemo.

15 Februari: Ukuta, mara ya kwanza

Tumechagua ukuta wa nyuma ndani ya darasa, upana mita 4.1, kimo mita 2.9. Tumekwangua chokaa ya zamani, tumeziba nyufa kwa jipsamu, msasa, kisha rangi nyeupe ya maji mikono miwili.

Gharama: rangi lita 4, sh 32,000. Jipsamu 6,000. Msasa 4,000. Brashi tatu 9,000. Bodaboda ya kubeba mzigo kutoka Mwanjelwa 4,000. Jumla 55,000.

Fundi rangi mmoja pale sokoni aliniambia, "Madam, subiri mvua ziishe." Nikaona anatafuta namna ya kunipandishia bei baadaye.

29 Machi: Malengelenge

Fundi alikuwa sahihi. Kuanzia sakafuni hadi usawa wa kiuno rangi imepiga malengelenge. Ukibonyeza kwa kidole linapasuka na maji yanatoka, na nyuma yake jipsamu imekuwa kama uji. Sehemu ya juu ni nzima. Tulipozunguka nje tukaona sababu: gata la paa limekatika pale pale nyuma ya darasa, maji yote yanashukia kwenye msingi, na yanapanda ukutani taratibu tangu Novemba.

Kwa anayetaka kuiga: kabla hujanunua hata brashi, zunguka nje ya ukuta wako siku ya mvua. Na jipsamu usiiweke mahali penye unyevu, hata kidogo. Sh 55,000 zimekwenda, zimebaki brashi.

17 Mei: Ukuta, mara ya pili

Mvua zimekatika. Gata limefungwa kwa waya na bati la zamani, wavulana wamechimba mfereji wa kupeleka maji bondeni. Fundi (yule yule, nilimrudia kwa adabu) amebandua plasta mbovu kimo cha mita moja na kupiga mpya ya simenti. Wiki tatu za kukauka, sikumharakisha.

Simenti mfuko mmoja 17,500. Ufundi 35,000. Rangi ya msingi, ile ya kutangulia, lita 4, 38,000. Jumla 90,500.

7 Juni: Miraba

Hatuna projekta, kwa hiyo tumetumia miraba. Ramani tupu ya Afrika imechapwa kwenye karatasi moja, kimo sentimita 22, ikapigwa miraba ya sentimita 2. Ukutani miraba ni ya sentimita 20. Afrika ikatoka na kimo cha mita 2.2 na upana wa mita mbili na kidogo. Kwa kipimo hicho sentimita moja ni kama kilometa 36.

Mistari tulipiga kwa uzi uliopakwa chaki. Kila kundi likapewa safu yake, na hapo ndipo tukapotea. Kundi la magharibi liliruka mraba mmoja, likachora pwani ya Ghuba ya Guinea ikiwa imeingia ndani mno. Nigeria ikabanwa, Kamerun ikabaki uzi. Mahali pengine ningeliacha, nani atapima? Lakini mpaka wa Nigeria na Kamerun ndipo wataalamu wengi wanapoweka kitovu cha Wabantu, kiasi cha miaka 4,000 hadi 5,000 iliyopita. Siwezi kufundisha safari ya Wabantu huku mahali walipoanzia pamemezwa na bahari. Tumefuta kwa kitambaa kibichi na kuchora upya. Dawa yake ni kuandika namba ya safu na herufi ya mstari ndani ya kila mraba, kwenye karatasi na ukutani, kabla mtu hajashika chaki.

Karatasi na kuchapa 3,500. Tepu ya karatasi mbili 8,000. Rangi nyeupe tena 32,000. Vichupa sita vya kuchanganyia rangi 21,000. Jumla 64,500.

14 Juni: Tulipaka nchi badala ya lugha

Shule zimefungwa, wamebaki wanafunzi tisa wanaokaa karibu. Niliwaachia kazi nikaenda kikaoni. Niliporudi, Tanzania nzima ilikuwa kijani cha Kibantu, mpaka kwa mpaka, imenyooka kama ya kwenye atlasi. Kenya kijani, Uganda kijani.

Kosa ni langu, niliwapa karatasi yenye mipaka ya nchi. Nikawauliza tu: Mto Songwe uko wapi? Wote wanaujua, unatutenganisha na Malawi. Ng'ambo ya pili, Karonga, wanaongea nini? Mwenye bibi Kyela akajibu: Kingonde, na Kingonde na Kinyakyusa ni wale wale, wanaelewana bila mkalimani. Lugha imevuka mto, rangi yetu imeishia ukingoni. Kinyamwanga nacho kimekaa Tanzania na Zambia.

Na Tanzania ndiyo nchi mbaya kuliko zote kwa kupakwa rangi moja. Mwaka 1963 Joseph Greenberg, Mmarekani, alizigawa lugha za Afrika katika familia nne, na zote nne zinakutana nchini mwetu. Wabantu ndio wengi. Kiiraqw, Kigorowa, Kiburunge na Kialagwa ni Kikushi, upande wa Afro-Asia, ukoo mmoja na Kisomali na Kioromo. Kimaasai na Kidatooga ni Kiniloti, upande wa Nilo-Sahara. Wasandawe wa Chemba na Wahadzabe wa Ziwa Eyasi wana lugha za vidoko, zile sauti za kugonga ulimi, ambazo yeye aliziweka katika familia ya nne. Kijana wa Mbarali hakuwepo siku hiyo. Ningependa angekuwepo.

Tumefuta mipaka yote ya nchi, ikabaki alama ya penseli tu ya kumsaidia anayepaka. Maziwa na mito mikubwa vimebaki.

21 Juni: Kijani mbili

Kosa dogo lakini la kawaida: kijani kimoja kutoka Senegali hadi Rasi ya Tumaini Jema. Mwanafunzi anaondoka akidhani Wawolofu na Wayoruba ni Wabantu. Familia ni Niger-Kongo, yenye lugha kiasi cha 1,500, na hakuna duniani yenye lugha nyingi kuliko hiyo. Kibantu ni tawi lake tu, tena tawi la tawi, ila limetanda karibu theluthi ya bara likiwa na lugha kama 500. Kwa hiyo kijani hafifu kwa Niger-Kongo nzima, kijani kibichi juu yake kwa Kibantu. Tulichanganya kutoka kopo moja, tone kwa tone, tukihesabu. Hesabu iandikeni kwenye kifuniko. Sisi hatukuandika, na kiraka cha Angola mpaka leo hakifanani na jirani zake.

28 Juni: Rangi nyekundu iliyofutwa

Familia ya nne ya Greenberg ni Khoisan. Tuliipa nyekundu: Namibia, Botswana, na vidoa viwili vyekundu kwetu, Usandawe na Uhadzabe. Ilipendeza sana, na si kweli.

Wataalamu wengi siku hizi hawakubali kwamba hiyo ni familia. Vidoko vilizifanya lugha hizo zifanane masikioni mwa wageni, lakini ukilinganisha msamiati na sarufi unapata kusini makundi matatu ambayo undugu wake haujathibitishwa: Khoe-Kwadi, Tuu na Kx'a. Kihadza hakina ndugu anayejulikana popote. Kisandawe wapo wanaokihusisha na Khoe, mjadala haujafungwa.

Mwanafunzi mmoja akabisha: kama kidoko si alama ya familia, mbona Wazulu wana vidoko? Ndiyo hasa. Kizulu na Kixhosa ni Kibantu, vidoko walivipata kwa majirani zao waliowakuta kusini. Kuna hata Kidahalo cha pwani ya Kenya, Kikushi kwa ukoo, nacho kina vidoko. Sauti huazimwa kama sufuria.

Basi nyekundu imefutwa kwa mikono miwili ya nyeupe. Makundi matatu ya kusini yamepata rangi tatu tofauti, zambarau, waridi na kahawia, na lugha zisizo na ndugu zimepata nyota nyeusi zisizo na rangi ya familia: Kihadza, na huko mbali Laal ya Chadi na Bangime ya Mali. Kisandawe kina nyota yenye alama ya kuuliza. Mkuu wa taaluma alipopita akasema, "Mwalimu, ramani yenye alama ya kuuliza?" Nikamwambia ndiyo. Akaondoka anatikisa kichwa.

5 Julai: Bluu na jangwa

Nilo-Sahara nayo ina ubishi, si wote wanaoikubali yote kama ilivyo, kwa hiyo bluu tumeipaka kwa mistari ya mshazari badala ya kuijaza. Hii ilitupa kazi kuliko familia zote kwa sababu haikai pamoja. Kisonghai kiko kwenye kona ya Mto Niger, Kikanuri karibu na Ziwa Chadi, Kinubi kwenye Nile, Kidinka Sudan Kusini, Kijaluo Ziwa Viktoria, Kimaasai kinashuka hadi kwetu. Viraka juu ya viraka. Tumetumia tepu ya karatasi kupata mistari iliyonyooka. Tepu ibandueni rangi ikiwa bado mbichi kidogo, ikikauka inabanduka nayo.

Manjano ya Afro-Asia ilituletea tatizo la aina nyingine. Ukiijaza kutoka Moroko hadi Somalia inafunika theluthi ya bara na mtoto anaona ndiyo yenye watu wengi zaidi. Jangwa la Sahara lina watu wachache sana. Tumepaka katikati ya jangwa rangi ya mchanga isiyo ya mtu, na manjano ikabaki pwani, kwenye Nile, kwenye nyasi za Wahausa na nyanda za juu za Ethiopia. Vivyo hivyo Kalahari na Namibu.

Kiingereza, Kifaransa na Kireno hatukuvipaka, ingawa bwana mmoja wa ofisini alisisitiza. Kiafrikaans tumekipa vidoti, kwa sababu kilizaliwa huko huko Afrika Kusini kutokana na Kiholanzi, hata kama ukoo wake ni wa Ulaya.

19 Julai: Ukanda wa maneno

Shule zimefunguliwa, wanafunzi wamesimama mbele ya ramani wamependezwa. Kisha yule yule wa Februari akasema: "Nzuri, Madam. Lakini umepaka wewe. Tutajuaje kama ni kweli?"

Ramani imekula miezi mitano na bado swali liko pale pale. Hapo ndipo mradi ulipobadilika, na kama una muda mchache ningekushauri uanzie hapa na ramani uifanye baadaye, au usiifanye kabisa.

Chini ya ramani tumechora ukanda wa visanduku. Neno la kwanza: mtu. Kila mmoja aliulize nyumbani, kwa mdomo au kwa simu, umoja na wingi, aje nalo Jumatatu.

Jumatatu ya kwanza ilikuwa hasara tupu. Nusu ya darasa walileta Kiswahili kilichovalishwa "u" mbele. Baadhi ya wazazi walidhani mtoto anatafutiwa kabila kwa ajili ya fomu fulani wakakata simu. Mama mmoja alinipigia mwenyewe: "Mwalimu, shikamoo, samahani, hili neno la nini? Mbona mwanangu ananihoji kama polisi?" Nikamweleza, akacheka, akaniambia nimpigie bibi yake mtoto, ambaye ndiye anayejua. Tangu hapo kanuni yetu ni: aulizwe aliyezeeka, na aulizwe ndani ya sentensi ("watu wawili wamekuja"), kwa sababu neno likiwa peke yake watu hulitafsiri kutoka Kiswahili bila kujijua.

Jumatatu ya pili tukaandika ubaoni. Kinyiha: umuntu, abhantu. Wa Kisafwa akasema kwao pia shina ni hilo, -ntu. Kinyakyusa: umundu, abandu. Kibena: umunu, avanu. Kihehe nacho umunu. Kiswahili: mtu, watu.

Sikusema kitu. Niliwaacha waangalie. Binti wa Njombe akainuka, akaenda ubaoni, akapiga mstari chini ya nt, nd, n na t. "Madam, hapa tu ndipo panapobadilika." Sauti moja ya kale, -nt-: Wanyiha wameibakiza, Wanyakyusa wameilainisha kuwa -nd-, Wabena na Wahehe wameiacha n peke yake, na sisi wa Kiswahili tumeimeza n tukabaki na t. Hakuna aliyelegeza ovyo, kila mmoja ana kanuni yake.

Ndipo nikaongeza za mbali kutoka kwenye vitabu vyangu. Kizulu: umuntu, abantu. Kinyarwanda: umuntu, abantu. Kichewa: munthu, anthu. Kishona: munhu, vanhu. Kilingala: moto, bato. Kikikuyu: mũndũ, andũ. Kiherero cha Namibia: omundu, ovandu. Wa Tukuyu akaruka kwenye benchi. Alitembea hadi kwenye ramani, akaweka kidole Namibia na kingine kwetu, akapima kwa pima ya mkono. "Hawa wanaongea kama sisi!" Wenyewe kwa wenyewe wasingeelewana, nikamwambia, lakini hilo neno wamelitunza vilevile. Na mnajua jina Bantu limetoka wapi? Wilhelm Bleek, Mjerumani, aliokota wingi wa neno hili hili katika karne ya 19.

Kisha namba tatu. Kiswahili tatu, Kishona -tatu, Kizulu -thathu, Kihehe -datu. Tukatoka nje ya Kibantu lakini ndani ya Niger-Kongo: Kiigbo ni atọ kwa tatu na anọ kwa nne. Kifulani, kule Senegali hadi Kamerun, tati na nayi. Kumbe kuna wakati Kifulani kiliwekwa kundi moja na lugha za "Kihamiti" (kundi la zamani ambalo wataalamu wameliacha) kwa sababu tu watu wake ni wafugaji na wana sura fulani. Greenberg alikirudisha Niger-Kongo. Darasa lenye watoto wa wafugaji lilielewa mara moja kwamba ng'ombe hawabadilishi sarufi ya mtu.

Mlinzi wetu wa usiku ni Mmaasai. Akaitwa, akasimama mlangoni na fimbo yake. Ng'ombe? "Enkiteng." Wengi? "Inkishu." Hakuna neno hata moja kati ya hayo ambalo watoto walilishika. Yule wa Kidatooga alikuwa anatabasamu kwa mara ya kwanza. Nikaongeza Kiiraqw: tatu ni tam, ng'ombe ni slee. Kimya.

Sasa sita, saba, tisa. Nilikuwa nimezihifadhi tangu Februari. Ni kweli, zimetoka Kiarabu. Lakini Kiswahili kilikuwa na zake: mtandatu, fungate, kenda. Linganisha mtandatu na gatandatu, sita ya Kinyarwanda. Fungate ni siku saba, imejificha kwa maharusi. Kenda bado iko kwenye kamusi. Na kitabu? Kiarabu kabisa. Lakini wingi wake ni vitabu. Mwarabu anasema kutub. Neno lilipoingia tulilivika ngeli ya ki-vi kama kiti na viti, kwa sababu sarufi ya nyumbani haikuwa na njia nyingine ya kulipokea.

Yule kijana hakusema kwamba ameshawishika. Alisema, "Basi na samaki?" Nikamwambia samaki ni wa Waarabu, awaachie.

26 Julai: Herufi zilizopungua

Tulipokuwa tunaandika kwa kalamu, wa Rungwe na wa Kyela wakagombana kuhusu tahajia ya umundu. Mmoja anasema ni u, mwingine anasikia kitu karibu na o. Wote wako sawa. Kinyakyusa kina irabu saba, Kiswahili tano. Mbili za ziada ziko kati ya i na e, na kati ya u na o, na maandishi ya siku hizi huziwekea mstari katikati: ɨ na ʉ. Tumefuta, tumeandika ʉmʉndʉ, abandʉ. Wakati wa kufuta, maka peni ilikwangua rangi, tukarudia kiraka. Maka peni tano, 10,000.

Funzo la vitendo: hakikisheni tahajia kwa chaki, muiache wiki nzima, wapite wazee wasome, ndipo mshike kalamu.

2 Agosti: Mtego wa mutum

Mwanafunzi amepata mtandaoni kwamba Kihausa mtu ni mutum. Amekuja mbio na kopo la kijani anataka Hausa iwe Niger-Kongo. Sikumzuia. Nikamwomba wingi. Ni mutane. Tatu? Uku. Kihausa ni Afro-Asia, tawi la Kichadi. Neno moja likifanana ni bahati. Tunachotafuta ni yanayofanana kwa mpango: msamiati wa msingi mwingi, sauti zinazobadilika kwa kanuni, na jinsi umoja unavyokuwa wingi.

Madagaska ilikuwa mtego wa upande wa pili. Kimalagasi ni Kiaustronesia, familia ya visiwa vya Asia na Pasifiki, ndugu yake wa karibu ni Kimaanyan cha kusini mwa kisiwa cha Borneo. Tatu ni telo, kama tolu ya Kisamoa. Lakini ng'ombe ni omby, mbwa amboa, kuku akoho. Darasa likapiga makofi: mifugo ni yetu! Hesabu walikuja nazo kutoka mashariki, mifugo wakaiita kwa majina ya pwani ya Afrika. Rangi ya machungwa kwa kisiwa kizima.

9 Agosti: Ramani ndogo ya pembeni

Kwa kipimo cha ramani kubwa, Tukuyu hadi Kyela ni sentimita moja. Lugha 14 haziingii. Upande wa kulia tumechora nyanda za juu kusini peke yake, Tunduma hadi Iringa, sentimita moja kwa kilometa tatu.

Niliandika kando ya kila lugha namba za Malcolm Guthrie, yule Mwingereza aliyezigawa lugha za Kibantu kwa kanda za herufi: Kinyakyusa M31, Kisafwa M25, Kinyiha M23, Kihehe G62, Kibena G63, Kikinga G65. Mara wa Iringa wakaanza kutamba: Kiswahili ni G42, basi wao ndio Waswahili zaidi. Nikajuta. Zile herufi ni kama namba za nyumba, zinasema lugha inakaa wapi, hazisemi nani kazaliwa na nani. Kanda M na G zinakutana hapa hapa mlangoni mwetu, lakini watoto wa nyumba mbili zinazopakana huazimana chumvi. Namba nimeziacha, kwa maandishi madogo.

16 Agosti: Vanishi na hesabu

Nilinunua vanishi ya mafuta, 18,000, kulinda ukuta dhidi ya mikono. Kwa bahati tulijaribu kona ya Atlantiki kwanza. Baada ya siku nne nyeupe imekuwa rangi ya chai. Haikuendelea. Mikono tunaizuia kwa benchi.

Hesabu nzima: 55,000, kisha 90,500, kisha 64,500, kisha maka peni na vanishi 28,000. Jumla sh 238,000. Ofisi ya shule ilitoa 80,000, walimu wenzangu walichanga 60,000, iliyobaki 98,000 ni mfukoni mwangu. Ukiondoa ukuta wa kwanza na vanishi, ungetumia 165,000. Kama ukuta wako ni mkavu, ni chini ya hapo sana. Na ukanda wa maneno peke yake unawezekana kwa chaki.

30 Agosti: Marekebisho

Kivwanji bado kina kisanduku kitupu, mwanafunzi wake anasubiri likizo aende kwa bibi yake Makete. Kimbugu cha Usambara kimeongezwa kwa mistari ya rangi mbili, kwa sababu kuna namna yake, Kima'a, ambayo maneno yake mengi ni ya Kikushi na sarufi yake ni ya Kibantu.

Na leo asubuhi yule wa "sita, saba, tisa" amekuja mapema kabla ya mstarini. "Madam, visiwa vya Komoro. Umevipaka machungwa pamoja na Madagaska." Nikasogea. Kweli. Kikomoro ni Kibantu, kundi moja kabisa na Kiswahili, pamoja na Kimijikenda na Kipokomo. Visiwa vilikuwa vidoa vya kalamu, brashi ikavipitia tulipokuwa tunakimbizana na kengele. Nimempa brashi ndogo na kopo la kijani kibichi. Dakika tano, gharama hakuna.